Mama hatoki tena nyumbani kwa sababu ya mkojo
Wapendwa, mama yangu ana miaka 71, tunakaa Mbagala. Tangu mkojo uanze kumponyoka hapandi daladala, na juzi amekosa arobaini ya dada yake kwa kuogopa kulowesha mkeka wa watu. Sasa hata maji hanywi. Inaniuma sana. Nifanyeje?

— Pole dada. Maji asiache, mkojo mzito unakera kibofu zaidi. Apunguze chai ya rangi. Apimwe mkojo na sukari, msiseme ni uzee tu.

— Mama mkwe wangu alifundishwa kukaza misuli ya chini, kama anayebana mkojo, kila siku. Baada ya miezi mitatu hivi akapata nafuu. Safarini anavaa pampasi za wakubwa, na khanga ya akiba mkobani.

— Asanteni sana. Kesho tunakwenda zahanati kwa bajaji, tusimame popote atakapotaka.