Haiku za Snoopy mwezini: nahesabu sawa?

Mama Zawadi: Wapenzi wa ushairi, hamjambo? Wanangu wanapenda sana katuni za mbwa Snoopy, nami nawatungia haiku, vile vishairi vya Kijapani vya mistari mitatu yenye silabi 5, 7 na 5. Mei 1969 wanaanga wa Apollo 10 walikipa jina hilo chombo kilichoshuka hadi kilomita 15 hivi kutoka uso wa mwezi, kikapaa tena bila kutua. Basi:

*Mbwa angani*
*achungulia mwezi:*
*mfupa wapi?*

"Mbwa" nimeihesabu silabi mbili. Na mzaha unaruhusiwa?

Mwl. Hamisi: Sawa kabisa, mama. Hiyo m inasimama peke yake, kama kwenye "mtu". Lakini "mwezi" ni mwe-zi tu. 5-7-5 imetimia. Mzaha ruksa, Wajapani wana hata senryu, umbo lilelile lenye utani wa maisha ya watu.

Kibibi: Huo mfupa umenichekesha mno! Usiishie hapo, maana sehemu ya juu ya Snoopy iliachwa ikaenda kulizunguka jua. Nakuongezea:

*Jua lamwita,*
*mbwa azunguka tu,*
*hana kibanda.*

Mama Zawadi: Maskini Snoopy! Hii naibandika ukutani leo, wanangu waichoree picha.