Mjadala: Jay Idzes, beki aliyezaliwa Uholanzi, ana haki ya kuvaa kitambaa cha nahodha wa Indonesia?

Wakuu, naleta mada hii mezani kwa sababu tangu Oktoba 2025, Indonesia ilipofungwa 1-0 na Iraq na ndoto ya Kombe la Dunia ikafia hapo, lawama zinaangushiwa watu wasiostahili. Hoja inayorudiwa kila mahali ni kwamba ile haikuwa Indonesia, ilikuwa Uholanzi ya pili iliyovishwa jezi nyekundu, na kwamba nahodha wake Jay Idzes ni mgeni aliyekuja kuokota mechi za kimataifa alizozikosa kwao. Napinga hoja hiyo. Lakini sitaitetea PSSI, shirikisho la soka la Indonesia, hata kwa neno moja.

Tuanze na mtu mwenyewe. Idzes alizaliwa Mierlo, kusini mwa Uholanzi, Juni 2000. Hakulelewa kama nyota. Soka ya wakubwa aliianzia FC Eindhoven, daraja la pili, akaenda Go Ahead Eagles na kupanda nayo ligi kuu mwaka 2021. Mwaka 2023 akahamia Venezia, wakati huo ikiwa Serie B, daraja la pili la Italia, akapanda nayo tena. Msimu wa 2024/25 akawa Mwindonesia wa kwanza kucheza Serie A, ligi kuu ya Italia, na Desemba 2024 akafunga bao ugenini kwa Juventus, mechi iliyoisha 2-2. Venezia ilishuka daraja, lakini yeye hakushuka nayo: Sassuolo walimchukua Agosti 2025. Ni beki aliyepanda ngazi moja moja, na kila ngazi amecheza, hakukaa benchi akisubiri huruma.

Sasa uraia. Ana asili ya Indonesia kupitia babu na bibi, na kanuni za FIFA zinataja wazi kwamba mzazi au babu au bibi wa kuzaa akiwa amezaliwa nchi fulani, hilo linatosha mjukuu mwenye uraia kuichezea nchi hiyo. Aliapishwa Jakarta Desemba 2023. Hapa ndipo watu wanapopita haraka mno. Sheria ya uraia ya Indonesia ya mwaka 2006 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Upande wa pili, Mholanzi anayeomba uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, kwa kawaida hupoteza ule wa Uholanzi. Kijana wa miaka 23, aliyezaliwa na kukulia Ulaya, aliiweka pasipoti ya Ulaya mezani akachukua ya Indonesia. Sisi Watanzania tunaojua sheria yetu inavyobana uraia pacha, tunaojua ndugu walioko nje wanavyolia kila mwaka juu ya jambo hili, tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa uzito wa hatua hiyo.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ugomvi wetu wote ni hiyo "kwao" iko wapi, na kwa Indonesia na Uholanzi jibu haliwezi kuwa jepesi. Uholanzi ilizitawala hizo visiwa kwa karne kadhaa. Sukarno na Hatta, viongozi wa wapigania uhuru, walipotangaza uhuru tarehe 17 Agosti 1945, Waholanzi walikataa, wakapigana, wakautambua Desemba 1949 tu. Baada ya hapo watu wengi wenye damu mchanganyiko wakavuka bahari. Mwaka 1951 askari wa Maluku, visiwa vya mashariki mwa Indonesia, waliolitumikia jeshi la kikoloni, pamoja na familia zao, watu wapatao 12,500, wakapelekwa Uholanzi wakiamini wanakaa kwa muda tu. Hawakurudi. Wajukuu wa waliovuka bahari hivyo ndio wachezaji hawa tunaowabishania. Giovanni van Bronckhorst, nahodha wa Uholanzi katika fainali ya Kombe la Dunia 2010, ana asili hiyo ya Maluku, na sikumbuki mtu yeyote akiuliza kama ni Mholanzi halisi. Kwa nini damu ikienda Amsterdam ni sawa, ikirudi Jakarta inakuwa udanganyifu?

Na uwanjani je? Machi 2024, miezi mitatu tu baada ya kiapo, katika kufuzu Kombe la Dunia, Indonesia ilikwenda Hanoi ikaipiga Vietnam 3-0, bao la kwanza likiwa la Idzes. Kocha wa Vietnam aliyetimuliwa baada ya kichapo kile alikuwa Philippe Troussier, yule yule tuliyemjua Afrika akiwa na Ivory Coast, Nigeria, Burkina Faso na Afrika Kusini. Novemba mwaka huo, pale Gelora Bung Karno, uwanja wa taifa Jakarta, Saudi Arabia ililala 2-0, ushindi wa kwanza wa Indonesia katika raundi ya tatu ya kufuzu. Mabao yote mawili alifunga Marselino Ferdinan, kijana aliyelelewa Persebaya Surabaya, klabu ya Indonesia. Nyuma Idzes alikuwa na Rizky Ridho wa Persija, klabu ya Jakarta. Aliyesema wageni wanawafukia wenyeji aiangalie tena mechi ile.

Kosa lilikuja Januari 2025. Shin Tae-yong, Mkorea aliyekuwa na timu tangu mwisho wa 2019, aliyeitoa nafasi ya 170 na ushei duniani na kuifikisha mtoano wa Kombe la Asia kwa mara ya kwanza, alifukuzwa katikati ya kampeni ya kufuzu. Akaletwa Patrick Kluivert. Jina kubwa, mshambuliaji hatari enzi zake, lakini mechi yake ya kwanza ilikuwa kichapo cha 5-1 kutoka kwa Australia kule Sydney. Bahrain na China zilifungwa 1-0 kila moja pale Jakarta, halafu Japan ikiwa kwao ikapiga sita bila majibu. Raundi ya nne, Indonesia ikafungwa 3-2 na Saudi Arabia, 1-0 na Iraq, na Kluivert naye akaondoka. Na aliyefunga lile bao la Iraq? Zidane Iqbal, mzaliwa wa Manchester. Iraq hawajamwita mgeni.

Nyongeza baada ya kusoma michango yenu.

Mmoja wenu ameuliza kama hii si sawa na Malaysia. Hapana, na tofauti yake ni kubwa. Juni 2025 Malaysia iliifunga Vietnam 4-0 ikiwa na wachezaji waliopewa uraia siku chache nyuma. Septemba FIFA ikawafungia saba miezi 12, akiwemo beki Facundo Garcés wa Alavés ya Hispania, kwa sababu vyeti vilivyowasilishwa vilionyesha babu na bibi waliozaliwa Malaysia huku vyeti halisi vikionyesha Argentina, Brazil, Hispania na Uholanzi. Babu wa kughushi si babu.

Mwingine ameleta suala la wale watatu wa Singida Black Stars, kutoka Ghana, Ivory Coast na Guinea, waliopewa uraia wetu Januari 2025. Hilo nalo ni jambo la tatu kabisa: hapo hakuna hoja ya babu, kuna ukaazi na matakwa ya sheria. Tusiyachanganye.

Kuna aliyesema Idzes asingeivaa jezi ya Garuda, yaani timu ya taifa ya Indonesia, kama Uholanzi wangemwita. Huenda. Uholanzi ina mabeki kama van Dijk na van de Ven, nafasi ni finyu. Lakini sababu ya kwanza ya kuja haimpimi mtu kama inavyompima kazi anayoifanya akishafika.

Hoja moja ya wapinzani wangu naikubali bila ubishi. Desemba 2024, kwenye michuano ya ASEAN, ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, ambayo klabu za Ulaya hazilazimiki kuruhusu wachezaji, Indonesia ilipeleka vijana, ikatoka sare ya 3-3 na Laos nyumbani na kuishia hatua ya makundi. Umri wao ni utetezi, lakini hautoshi. Nchi ya watu zaidi ya milioni 270, yenye mashabiki waliokufa 135 pale uwanja wa Kanjuruhan mwaka 2022 kwa kwenda tu kutazama mpira wa ligi yao, inadaiwa ligi salama, akademi na makocha wa watoto. Deni hilo ni la PSSI. Beki wa Sassuolo hawezi kulilipa, awe amezaliwa Mierlo au Surabaya.

Sasa nawaachia uwanja. Anayetaka Idzes avuliwe kitambaa aje na jina la beki anayemweka pale, na atueleze ni kanuni gani Idzes ameivunja.