Vigae, nguo na betri za lithiamu kutoka Guangdong kuja Dar: kontena moja au nitenganishe?

Mwagizaji_Kkoo:
Wakuu, heshima kwenu. Nina mzigo wa aina tatu. Vigae vya 60x60 viko Foshan, mita za mraba 400, kama tani 8 na CBM (mita za ujazo) 5. Nguo ziko Guangzhou: katoni 60 za sentimita 60x50x40, kila moja kilo 25. Betri 10 za sola ziko Shenzhen, lithiamu za volti 51.2 na Ah 100, kila moja kilo 48, zote kama CBM 1. Wakala mmoja anasema nichangie kontena na wenzangu, mwingine ananishauri nichukue zima la futi 20. Mimi naona CBM 13 ni chache kwa kontena zima. Na betri, zinaweza kupanda ndege?

Shehena_Kurasini:
Mkuu, CBM 13 isikudanganye. Ukichangia kontena unatozwa kwa CBM au kwa tani, kulingana na ipi ni kubwa. Katoni moja ya nguo ni 0.6 x 0.5 x 0.4, yaani CBM 0.12; mara 60 unapata 7.2, na uzito ni tani 1.5 tu, kwa hiyo utalipia 7.2. Vigae ni CBM 5 lakini vina tani 8, utalipia 8. Ukiongeza betri unafika 16.2. Kuanzia 15 hivi, kontena zima mara nyingi ndilo lenye nafuu, maana anayechangia hulipia pia kufunguliwa kontena na kugawanywa mizigo huku Dar.

Omba bei zote mbili kwa maandishi, gharama za Dar zikiwa ndani. Nauli ya meli ikiwa ya chini kupita kiasi, ujue pesa itadaiwa huku.

Kusanyia mzigo ghala la Foshan. Vigae ndivyo vizito, acha nguo zivifuate. Wauzaji wa sokoni Guangzhou wengi hawana kibali cha kuuza nje, kwa hiyo wakala wako wa kule ndiye atakayeandaa tamko la forodha la China.

Mizigo_Hatari:
Betri zitoe kwenye hilo kontena. Betri ya lithiamu inayosafiri bila kifaa chake ni UN3480 (namba ya Umoja wa Mataifa ya kutambulisha mzigo hatari), daraja la 9 la mizigo hatari. Ikiingia, kontena lote linahesabiwa la mzigo hatari: meli lazima ikubali kwanza, vibao vinabandikwa pande zote nne, na jibu likichelewa vigae na nguo vinakaa vikisubiri betri kumi.

Ndege sahau. Ndege za abiria haziruhusiwi kubeba UN3480 tangu Aprili 2016. Kwenye ndege za mizigo betri isizidi chaji ya 30%, na kifurushi kimoja kina kikomo cha kilo 35 bila kibali maalumu cha mamlaka za anga. Yako ina kilo 48.

Tafuta mkusanyaji wa mizigo anayepokea daraja la 9 kwa meli. Kabla hujamlipa muuzaji mdai muhtasari wa jaribio la UN38.3 (la usalama wa betri za lithiamu safarini) wenye modeli ileile iliyoandikwa kwenye betri, MSDS (karatasi ya maelezo ya usalama wa bidhaa), na cheti cha vifungashio vya mzigo hatari. Modeli ikitofautiana hata kwa herufi moja, mzigo unaweza kukataliwa getini. Na usikubali kabisa ushauri wa kuziandika "vifaa vya umeme". Betri ikiwaka baharini ndani ya kontena ambalo mabaharia hawajui limebeba nini, wanazima moto gizani. Hayo ni maisha ya watu.

Fundi_Pakiaji:
Upakiaji: boksi za vigae zisimamishwe kwa ubavu, zisilazwe. Gawa kwenye paleti 10 za boksi 28 (boksi ya vipande 4 ni mita za mraba 1.44), kila paleti kama kilo 800. Zipange tano kila upande kwa urefu wote wa kontena, mianya izibwe kwa mbao. Wapakiaji wakiwa na haraka hurundika vigae vyote mwisho wa kontena. Likinyanyuliwa na kreni linainama, na vigae vinapasuka.

Juu ya paleti weka plaiwudi, kisha nailoni, kisha nguo. Ubao mbichi hutoa unyevu, na usiku bati la juu likipoa unyevu huo hudondoka kama mvua. Funika katoni na utundike mifuko ya kufyonza unyevu. Paleti ziwe na muhuri wa ISPM 15 (kanuni ya kimataifa ya kuua wadudu kwenye mbao) wenye herufi HT, yaani zimetibiwa kwa joto.

Mwagizaji_Kkoo:
Nimewaelewa, asanteni sana. Cheti cha TBS (Shirika la Viwango Tanzania) nishughulikie mzigo ukiwa njiani?

Shehena_Kurasini:
Hapana mkuu. Ukaguzi wa PVoC, yaani wa kuhakiki viwango kabla mzigo haujasafirishwa, hufanyika kule kule, kabla lakiri haijafungwa. Mwambie kila muuzaji aombe mapema, na mkaguzi aje mzigo ukiwa bado ghalani Foshan. Kontena likishafungwa utalipia kulifungua na kulipakia upya. Kwenye ankara tenganisha thamani kwa namba za forodha (HS): vigae 6907, nguo sura ya 61 au 62, betri 8507.60 kwenye ankara yake. Jina na TIN vifanane kwenye kila karatasi. Na unapoweka nafasi ya meli, omba siku 14 za kukaa na kontena bila kutozwa na kampuni ya meli, ziandikwe. Hizo si siku za bandari. Bandari inahesabu zake.