Kusafisha ulimi: mswaki, kikwaruzo au dawa ya kusukutua?

mti_mkavu:
Wakuu, salamu. Meno napiga mswaki asubuhi na usiku, na uzi wa meno natumia. Tatizo ni ulimi: nikiutoa mbele ya kioo, kule nyuma kuna ukoga mweupe. Nataka niwe nausafisha kila siku. Naona njia nne: mswaki wa kawaida, mswaki wenye mgongo wa mpira uliochorwa mistari, kikwaruzo cha plastiki, na kile cha chuma kilichopinda. Mwenzangu kazini anasema niachane na vyote, nisukutue dawa tu. Mliojaribu zaidi ya kimoja, nipeni ulinganisho.

Bi_Asumini:
Chuma. Mswaki una kichwa kinene, ukifika nyuma unagusa kaakaa na tumbo linapanda juu. Kikwaruzo ni chembamba, kinapita bila kugusa huko. Halafu kinaukomba ukoga wenyewe na unauona umetoka. Mswaki unauvuruga tu palepale.

kalamu2:
Bi Asumini, hapo kwenye "unauvuruga" umezidisha. Mswaki unatoa, mradi usuuze. Tafiti zilizolinganisha vitu hivi kwa watu wazima ziliona kikwaruzo kinaushinda mswaki kwa tofauti ndogo katika kupunguza gesi za salfa, zile zinazonuka. Nafuu yenyewe haikudumu sana, uwe umetumia hiki au kile. Mwenye mswaki tayari asijione ameachwa nyuma. Mgongo wa mpira mimi haunivutii, lakini kwa anayeanza si mbaya.

zamu_ya_usiku:
Nafanya kazi kwenye kliniki ya meno, naomba niongeze. Ulimi hauko laini. Juu yake kuna vinundu vidogo vidogo vilivyosimama mithili ya nyuzi za zulia. Katikati yake hukwama seli zilizokufa, mabaki ya chakula na bakteria. Bakteria wasiohitaji oksijeni huvunja protini na kutoa haidrojeni salfaidi na gesi nyingine za salfa. Wamejazana zaidi nyuma, ambako ulimi haupati msuguano wa kutosha tunapokula na kuongea. Usiku mate yanapungua, kwa hiyo asubuhi ndipo harufu inakuwa kali, na kwa anayelala mdomo wazi ni zaidi. Anayesafisha ncha peke yake anajichosha, hata awe na kifaa cha bei gani.

Namna: toa ulimi, weka kifaa nyuma kadiri unavyoweza kuvumilia, vuta mbele taratibu, suuza kifaa, rudia mara chache. Ukiona damu, au ulimi unachoma ukinywa kitu cha moto, umekandamiza mno. Na jamani, ulimi wenye afya una weupe mwepesi. Msikwarue mkisaka wekundu.

Wanaosikia kutapika: anzia katikati ya ulimi, toa pumzi polepole huku unavuta, na sogea nyuma kidogo kidogo kadiri unavyozoea. Usifanye tumbo likiwa limejaa.

mti_mkavu:
Ahsante sana mkuu. Sasa plastiki na chuma, kuna tofauti gani? Na ile dawa?

Bi_Asumini:
Plastiki inachubuka, na uchafu unashika kwenye michubuko. Ibadilishe unapobadilisha mswaki, yaani kila miezi 3 au 4. Chuma kisichoshika kutu unakiosha kwa maji moto na kinakaa miaka. Pitisha kidole kwenye ukingo kabla ya kukinunua. Kikikwaruza kidole, ulimi utaumia.

dongo_jekundu:
Dawa ya kusukutua haichukui nafasi ya kukwarua. Ukoga ukiwa mzito, dawa inapita juu juu, unanukia kwa muda kisha hali inarudi. Zenye kloreksidini zina nguvu kweli, lakini ukizitumia muda mrefu zinaacha madoa ya kahawia kwenye meno na ulimi na kubadilisha ladha ya chakula. Hizo ni za kutumia kwa siku ulizoelekezwa, basi.

Tena si bakteria wote wa ulimini ni maadui. Wapo wanaobadilisha naitreti ya mboga kuwa naitraiti, ambayo mwili unaitumia kutengeneza naitriki oksaidi inayolegeza mishipa ya damu. Kusukutua dawa kali kila siku bila sababu kunawagusa na hao.

kalamu2:
Nakubali. Na kama umekwarua kwa muda na harufu ipo palepale, acha kuusingizia ulimi: kapime fizi, meno yaliyooza na tonsili.



mgeni_wa_leo:
Naomba kuuliza. Ulimi wangu una mabaka mekundu yenye kingo nyeupe, leo yapo kulia, wiki ijayo yamehamia kwingine. Nikwarue tu?

zamu_ya_usiku:
Maelezo yako yanafanana na ulimi wa ramani. Hauambukizi na kwa kawaida hauna madhara. Mabaka yakiwasha, yaruke unapokwarua. Ila daktari wa meno auone walau mara moja ili awe na uhakika. Utando mweupe unaobanduka na kuacha wekundu unaouma huenda ni fangasi, hasa kwa wanaovuta dawa ya pumu yenye steroidi. Hao wasukutue maji kila wakishaivuta. Baka jeupe lisilobanduka, au kidonda kilichopita wiki 3, hayo hayasubiri kikwaruzo.

mti_mkavu:
Nachukua cha chuma. La mwisho: ulimi kabla ya mswaki au baada?

zamu_ya_usiku:
Kwa ulimi wenyewe, vyovyote. Mimi nashauri uanze nao, usuuze kinywa, ndipo upige mswaki. Ukimaliza temea povu bila kusuuza, ili floraidi ya dawa ya meno ibaki kwenye meno.