Mjadala: Refa anaamua mechi ya mtoano au ni visingizio tu? Tuanze na lile goli la Aziz Ki wa Yanga lililokataliwa

Wakuu, kila tukigusa hii mada lazima aje mtu na "timu bora hailalamikii refa", basi leo tubishane kwa hesabu, ingawa mimi ni Mwananchi, shabiki wa Yanga, na sifichi.

Aprili 2024, robo fainali Ligi ya Mabingwa Afrika, marudiano na Mamelodi Sundowns wa Afrika Kusini kule Pretoria baada ya 0-0 kwa Mkapa. Kipindi cha pili Aziz Ki akaachia shuti likagonga mwamba likadundia chini, wengi tuliona limevuka mstari kabisa, VAR (marefa wa video) ikakagua, goli hakuna, na ile teknolojia ya mstari wa goli haikuwepo. Ikaisha 0-0, penati tukatolewa 3-2.

Sasa kitu watu wanasahau, CAF, wasimamizi wa soka Afrika, walikuwa bado wanatumia goli la ugenini (jumla zikilingana, anapita aliyefunga mengi ugenini). Yaani lile likikubaliwa Mamelodi anatakiwa afunge mawili kwenye muda uliobaki, akichomoa moja bado tunapita sisi. Na hiyo sheria tunaijua vizuri maana 2023 ilitutoa machozi, fainali ya Kombe la Shirikisho USM Alger wa Algeria katupiga 2-1 Dar, tukampiga 1-0 kwao, jumla 2-2, kombe akabeba yeye. Kwenye ligi ya mechi 30 ukionewa leo unajifidia wiki ijayo, ila kwenye dakika 180 zisizo na goli hata moja utajifidia wapi?

Sisemi kila kelele ni ya haki. Waingereza mpaka leo wanalia na goli la Lampard lililokataliwa Kombe la Dunia 2010 wakati Ujerumani walishinda 4-1, hapo refa kaamua nini? Karibuni, ila matusi hapana.

---

Mkuu umeruka penati makusudi. Refa ndo alimpigia Aziz Ki ile penati aliyokosa? Mlinyimwa goli, sawa, nakubali kabisa, ila mkapewa nafasi sawa na wenyeji mkafunga 2 tu. Sisi Wekundu wa Simba msimu huohuo Al Ahly katutoa 3-0 jumla na hujasikia mtu anamtaja refa.

---

3-0 utamtaja refa wa nini sasa 😂

Penati tulikosa, kweli, ila tusingefika huko. Angalia Ireland 2009 play-off na Ufaransa, Henry wa Ufaransa kaushika mpira waziwazi, mwenzake Gallas kafunga kwenye zile dakika 30 za nyongeza, lakini jumla ilikuwa 1-1, kwa hiyo Ireland walichopoteza ni nafasi ya kwenda penati ambazo nazo wangeweza kufungwa. Sisi lile goli likihesabiwa tulikuwa tunaongoza bana. Asiyekubali anioneshe Mamelodi, ambaye hakutufunga hata moja kwa dakika zote 180, hayo mawili angeyatoa wapi.