AMEKULA CHAPATI YANGU HUKU ANANIANDIKIA FAINI!!!

Mama Sufuria: Wakuu, natetemeka, msinisahihishe herufi.

Yule bwana mnamjua. Yule wa kitabu cha risiti kwapani, anayefika kabla mkaa haujashika. Leo nikamtolea kitambulisho cha ujasiriamali, kile cha elfu 20 tulichoahidiwa 2018 kwamba ukilipa hubughudhiwi. Kakigeuza, kakinusa (naapa kakinusa!), eti hayo ni ya serikali kuu, yeye ni halmashauri. Elfu 50.

Anaandika huku mkono wa pili unachukua chapati. Hakuomba! Akaichovya kwenye maharage YANGU, akaniuliza "jina la biashara?" mdomo umejaa.

Nauza chapati 40 kwa siku, mia tano mia tano. Toa unga, mafuta, mkaa: hiyo faini ni wiki nzima. Halafu redioni wanashangaa maskini hatoki kwenye umaskini. Atatokaje, mtaji uko tumboni kwa mtu?

Na alichovya mara mbili.

Kikokotoo: Chapati 40 ni elfu 20 kwa siku, mwaka unapita milioni 7. Kitambulisho kile kilikuwa cha mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Dada umejichoma mwenyewe 😂

Mama Sufuria: Nilisema 40? Ni 20. Mvua ikinyesha sita.

Mzee Kidevu: Sisi tumelala porini tukikimbia mgambo wa kodi ya kichwa mpaka ilipofutwa 2003. Wewe chapati moja unalia?

Duka la Kona: Bora wewe. Sisi Kariakoo Mei 2023 tulifunga maduka kwa kamatakamata, Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kutusikiliza, Juni 2024 tukafunga tena. Mzigo wangu hata kuchovya hawakuchovya, walibeba na boksi.

Mla Bure: Maharage yalikuwa ya nazi?

Jirani wa Nairobi: Huku 2024 walitaka VAT ya 16% kwa mkate. Vijana wakajaa barabarani, mswada ukaondolewa. Nyinyi mnangoja nini?

Kikokotoo: Tunangoja mjifunze kupika chapati laini kwanza.

Jirani wa Nairobi: Wewe! Chapo zetu unazijua?

Mama Sufuria: Jamani uzi ni wangu. Mara MBILI.

Mla Bure: Nairobi, mnakanda kwa maji ya moto au ya baridi?