Ushauri wakuu: klabu ya kikapu ya Ulaya haijanilipa miezi mitatu, sasa wanataka nisaini kuwa hatudaiani

NambaNne
Wakuu, habari za jioni. Niko Dar tangu wiki iliyopita, kwa dada yangu Tabata, na kichwa kimejaa.

Nina miaka 31, futi 6 na inchi 7, nacheza namba nne, ikibidi namba tano, zile nafasi za warefu chini ya goli. Kikapu nilianzia Don Bosco Upanga, nikacheza ligi ya mkoa, halafu misimu miwili Kigali, mmoja Kampala, miezi minne Oman (nilikwenda kuziba nafasi ya Mmarekani aliyeumia; alipopona, nikapandishwa ndege), na misimu miwili ya mwisho nchi moja ya Ulaya Mashariki, daraja la pili. Mtaani wakisikia "analipwa Ulaya" wanaona Ferrari. Mkataba wangu ulikuwa euro 1,100 kwa mwezi, chumba juu ya klabu, na mlo wa mchana kwenye mgahawa wa mdhamini. Septemba hadi Aprili. Miezi mingine unajijua mwenyewe.

Msimu wa kwanza walilipa, japo kwa kuchelewa wiki. Msimu huu mambo yaliharibika Januari, na dalili ya kwanza haikuwa mshahara, ilikuwa plasta. Mimi nafungwa vifundo vyote viwili kabla ya kila mazoezi, ni mzito na naruka sana. Siku moja yule mtaalamu wa viungo akashika roli moja mkononi akasema: kuanzia leo plasta ni ya mguu mmoja kwa kila mchezaji, chagua. Nikachagua wa kushoto kwa sababu ndio natua nao. Mechi ya tatu baada ya hapo nikashukia mguu wa mtu, nikateguka wa kulia.

Februari hela haikuingia. Machi, "keshokutwa". Aprili katibu akawa hapokei simu. Tiketi ya kurudi, ambayo mkataba unasema ni yao, nimejinunulia kwa euro 640. Jumla nawadai 3,940.

Juzi katibu kanitumia karatasi kwenye WhatsApp: nisaini kwamba sidai chochote, ndipo watanipa barua ya klirensi nihamie kwingine. Na barua naihitaji, kwa sababu nina njia mbili:

Timu moja ya taasisi hapa nyumbani wanataka nichezee na wanipe kazi stoo, mshahara wa shilingi 850,000. Halafu wakala wangu kasema ana timu nchi nyingine huko huko Ulaya, euro 1,400, ila nitume euro 300 za kushughulikia makaratasi.

Nisaini yaishe? Na niende wapi? Kifundo bado kinavimba nikikimbia zaidi ya nusu saa.

Kibonge Mwepesi
1,100 ni milioni 3 na ushee, nyumba bure, msosi bure, na bado unalia? Kweli mwenye nacho hana shukrani.

NambaNne
Mkuu, mwaka huu nimelipwa miezi mitano. Chukua 5,500, gawa kwa 12, toa nauli, toa niliyokuwa natuma nyumbani. Halafu rudi tuongee.

Kibonge Mwepesi
Daah. Nimegawa. Samahani kiongozi.

Wakili wa Kijiweni
NambaNne, USISAINI. Ngoja nieleze taratibu maana hapa unatishwa na kitu ambacho klabu haina.

Barua ya klirensi haitolewi na klabu. Ni jambo la shirikisho na shirikisho. Timu yako mpya ikikusajili, shirikisho la nchi hiyo (kwa hapa ni TBF, shirikisho la kikapu Tanzania) linaomba kwa shirikisho la kule ulikotoka, nao wana siku 7 za kujibu. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, sababu ya kukunyima ni moja tu: uwe bado una mkataba na klabu yako ya zamani unaovuka tarehe ya uhamisho. Wako uliisha Aprili? Basi hawana cha kushika. Wakigoma bila sababu, suala linapelekwa FIBA wenyewe na FIBA wanaweza kuruhusu. Katibu anajua hilo vizuri. Anachonunua kwa hiyo karatasi ni deni lako.

Sasa kuhusu kudai. Fungua mkataba, nenda mwishoni kabisa, tafuta neno BAT au Basketball Arbitral Tribunal. Hilo ni baraza la usuluhishi lililoanzishwa na FIBA mwaka 2007, makao yake Geneva. Kama kipengele hicho kimo, unaweza kufungua kesi kwa maandishi, msuluhishi mmoja anasoma, huna haja ya kusafiri popote. Klabu ikishindwa na isilipe, FIBA wanaweza kuifungia isisajili wachezaji wapya kutoka nje. Hapo ndipo huwa wanakumbuka namba yako ya simu. Kama kipengele hakimo, BAT hawana mamlaka, unabaki na mahakama za kule kwa lugha ya kule.

Ila nisikudanganye. Kuna ada ya kufungua na kuna malipo ya msuluhishi, na klabu ikikataa kutoa fungu lake unaombwa wewe utangulize lote. Ukishinda wanaamriwa wakurudishie, lakini kwa deni lisilofika euro 4,000 unaweza kutanguliza fedha inayokaribia deni lenyewe. Kesi hizi zinawafaa zaidi wanaodai elfu arobaini. Kwa hiyo wewe anza na barua ya madai, rasmi, yenye hesabu na tarehe, inayotaja kipengele cha BAT, siku 14 wawe wamelipa. Klabu inayotaka kuleta Wamarekani wawili Septemba haitaki kusikia jina la Geneva mwezi Juni.

Rebaundi Tu
Hiyo ya kuchagua mguu imenichoma. Sisi tulijua timu imekwisha siku maji ya chupa yalipogeuka ya bomba.

Mzee wa Upanga
Mwanangu, kwanza pole. Nimewaona vijana wengi wakipita pale Don Bosco, na kila mmoja alikuwa na picha ya Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA ya Marekani, kichwani. Lakini someni safari ya Hasheem yote, msiishie ukurasa wa kwanza. Mwaka 2009 alichaguliwa wa 2 NBA, na Memphis. Stephen Curry, yule aliyekuja kuwa nyota mkubwa, alikuwa wa 7. Msimu huo huo wa kwanza wakamshusha Dakota Wizards, ligi ya maendeleo. Akapita Houston, Portland, Oklahoma City. Baada ya 2014 NBA ikawa basi. Akaenda Japani na Yokohama, akaenda Taiwan. Huyo ni mtu wa futi 7 na inchi 3 aliyechaguliwa wa pili duniani, na bado aliishi kwa kubeba begi. Simsemi vibaya, namheshimu kwa hilo kuliko hata hiyo ya 2009: alikubali kucheza palipokuwa na kazi.

Sasa wewe huna fedha ya NBA ya kukulinda ukikaa bila timu. Miaka 31 kwa namba nne mwenye kifundo kibovu si mingi, lakini si michache. Mimi ningechukua stoo.

Mswahili wa Lyon
Mzee wangu shikamoo, lakini msimfungie mlango kijana. Huku Ufaransa, na Hispania pia, pasipoti zetu zina thamani ambayo wengi hawaijui. Kutokana na mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000 (sasa umerithiwa na wa Samoa) baina ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, mchezaji wa nchi hizo amekuwa hahesabiwi kwenye nafasi chache za wageni kama anavyohesabiwa Mmarekani. Ndiyo maana unawaona Wamarekani wakihangaika kutafuta uraia wa nchi za Afrika ambazo hawajawahi kukanyaga. Wewe unayo toka kuzaliwa na umekwenda kucheza mahali ambapo haikusaidii! Kanuni zinarekebishwa kila msimu, hivyo atakayekuletea timu huku akuonyeshe kanuni ya msimu huu ukurasa kwa ukurasa.

Na huyo wakala wa euro 300, mkimbie. Wakala mwenye leseni ya FIBA analipwa asilimia baada ya mkataba kusainiwa, haizidi 10, na mara nyingi klabu ndiyo inayomlipa. Anayetaka hela kabla, timu yake ipo kwenye simu yake tu. Muulize namba ya leseni uone atakavyokasirika.

Mama Wawili
Kaka pole. Mume wangu alicheza Ghuba misimu mitatu, kwa hiyo nitasema moja tu. Hicho kifundo kipige MRI HAPA, kabla hujasaini popote. Mume wangu alificha goti, wakampima siku ya pili baada ya kufika, wakamrudisha na deni la tiketi. Mkataba ulisema ni halali "baada ya kufaulu vipimo" na sisi tuliuruka huo mstari tukakimbilia kwenye tarakimu za mshahara.

Rebaundi Tu
+1. Na kama ni ligamenti, hiyo 1,400 haipo hata kama timu ipo.

Mtu wa Kilindini
Salamu kutoka Mombasa. Msiidharau timu ya taasisi. Hapa kwetu KPA ni timu ya Mamlaka ya Bandari, na nimeona watu wakiacha kikapu wakabaki na kazi. Lakini ndugu, uliza maswali makavu. Ni ajira ya kudumu au ni kibarua cha msimu? Barua ya ajira inatoka kwa mwajiri au kwa meneja wa timu? Ukiumia, stoo unabaki au unaondoka pamoja na jezi? Nimeona pia wa aina hiyo: siku kocha mpya alipokuja, kadi yao ya getini ikakataa.

Na ukiwa bado una hamu ya kucheza nje, angalia karibu. Tangu BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika, ianze Kigali 2021, timu inaruhusiwa wageni wanne, na wasiotoka Afrika wasizidi wawili. Maana yake Mwafrika mzuri anatafutwa. Nairobi City Thunder walipofika huko 2025, wa kwanza kutoka Kenya, kila mtu hapa alikuwa anauliza nani ana mtu mrefu. Wewe umecheza Kigali misimu miwili, kocha wako wa zamani hana simu?

Kibonge Mwepesi
Huu uzi umegeuka chuo kikuu. Mimi nilikuja kutania tu.

NambaNne
Nawashukuru wote, mzee wangu shikamoo, na ahsante kwa kunikumbuka bila hata kuniona.

Mrejesho. Mkataba nimeufungua jana usiku, nasoma na dada maana yeye ana subira. BAT imo, ukurasa wa 6, maandishi madogo chini ya kipengele cha matangazo ya viatu. Mwisho wa mkataba 30 Aprili. Nilikuwa nao kwenye begi misimu miwili na sijawahi kufika ukurasa wa 6.

Wakala nimemuomba namba ya leseni. Kajibu kwamba baada ya yote aliyonifanyia, namvunjia heshima. Kimya tangu hapo.

MRI ni kesho kutwa. Kocha wa Kigali kapokea, kasema nimtumie majibu ya kipimo na mechi tatu nzima, si vipande vya kudanki. Taasisi wanataka nifike Jumatatu saa 1 asubuhi na vyeti; nitawauliza yale maswali ya Kilindini, hasa la kadi ya getini.

Katibu nimemwambia sisaini. Kajibu haraka kuliko siku zote za msimu: watanipa nusu.

Wakili, barua nimeiandika kwa Kiingereza, kurasa mbili. Naweza kukutumia uipitie kabla sijaituma?

Wakili wa Kijiweni
Nitumie PM. Kurasa mbili ni nyingi, tutaifanya moja. Na hiyo meseji ya "nusu" usiifute, ipige picha sasa hivi: inaweza kukusaidia kuonyesha deni lipo.